Masafa ni ya Wote: Mipangilio ya Kina ya Wi-Fi katika Taasisi za Umma

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya walimu wakuu, wakutubi na wasimamizi wa ofisi za umma

 Mipangilio ya Wi-Fi inagusa kila mwanafunzi anayefungua kitabu cha mtandaoni na kila mwananchi anayeingia maktabani kujaza fomu.

Lengo langu ni moja. Kila kisambazaji cha Wi-Fi, kiwe kile kisahani cheupe kinachopachikwa darini au ile ruta inayokaa juu ya kabati, kina ukurasa wa mipangilio ya kina. Wengi wetu tumeambiwa tusiuguse. Nataka tutoke hapa tukijua ukurasa huo unaamua nini, na uamuzi huo ufanywe kwa kanuni gani. Kanuni ninayoitetea ni hii: masafa ni ya wote, na mipangilio ya kina ni sheria za kuyagawana. Anayeingia humo akitafuta nguvu zaidi huwaumiza jirani zake na mwishowe hujiumiza mwenyewe. Anayeingia akitafuta namna ya kugawa zamu kwa haki ndiye anayetengeneza mtandao.

Niweke msingi kwa ufupi. Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano vitumie baadhi ya masafa bila leseni, yakiwemo ya GHz 2.4, ambamo majiko ya maikrowevu yalikuwa tayari yakifanya kazi. Kiwango cha kwanza cha teknolojia hii, 802.11, kilitolewa mwaka 1997. Tangu mwanzo, basi, Wi-Fi imeishi mahali pasipo mwenyewe, na kila anayeingia analazimika kuvumiliana na waliomo.

Sisi wa pwani tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS, kutoka Fujairah, na SEACOM zilifika hapa Mombasa. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na ulimwengu yalitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo mdogo. Leo shule inaweza kulipia faiba ya megabiti 50 kwa sekunde, na mwanafunzi aliyeketi mita chache kutoka kwa kisambazaji asipate hata moja. Kizuizi kilichokuwa mbali kimehamia chumbani, na cha chumbani kiko ndani ya uwezo wetu.

Nitatoa hoja tano.

1. Anayesema polepole hutumia muda wa wote

Kwenye chaneli moja, kifaa kimoja tu ndicho kinachoweza kusema kwa wakati mmoja. Simu ikitaka kutuma kitu, kwanza husikiliza. Ikisikia mwingine anasema, hungoja. Kukinyamaza, husubiri kitambo kidogo cha kubahatisha, kisha husema. Ni kama kikao cha wazee barazani: hakuna anayemkatiza mwenzake, na kwa sababu hiyo, mmoja akirefusha maneno, kikao kizima kinachelewa.

Tuitazame hesabu yake. Furushi la kawaida la data lina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kifaa kinachosema kwa megabiti 1 kwa sekunde hulituma kwa milisekunde 12. Kinachosema kwa megabiti 54 hulituma kwa takriban milisekunde 0.22. Ujumbe ni uleule, lakini wa kwanza ametumia muda mara 54 zaidi. Sasa fikirini maktaba msimu wa kuomba mikopo ya masomo ya HELB, wasomaji 60 wamekaa, na simu mbili ziko mbali kule nje ya geti zikivuta mtandao kwa mwendo wa chini kabisa. Wote 60 watalalamika kwamba intaneti iko chini, mkutubi atampigia simu mtoa huduma, na mtoa huduma atapima laini yake aikute salama.

Dawa imo katika ukurasa wa mipangilio ya kina, mahali panapoorodheshwa mwendo unaoruhusiwa. Mwendo wa megabiti 1, 2, 5.5 na 11 ni urithi wa mwaka 1997 na 1999. Ukiuzima, ukaweka kiwango cha chini kuwa megabiti 6 au 12, simu iliyo mbali mno haitaweza kujiunga, na walio ndani watapata muda wao. Kabla ya kuuzima, kagueni kama taasisi ina mashine kuukuu, labda printa ya zamani, isiyojua mwendo mwingine. Ikiwepo, iungeni kwa waya.

Jambo la pili katika hoja hii ni wingi wa majina. Nimeingia katika shule nikakuta jina la mtandao wa walimu, la wanafunzi, la wageni na la ofisi, yote yakitoka katika kisambazaji kimoja. Kila jina lina gharama. Kisambazaji hutangaza kila jina takriban mara 10 kwa sekunde, na tangazo hutumwa kwa mwendo wa chini kabisa ulioruhusiwa. Tangazo la baiti 250 kwa megabiti 1 huchukua milisekunde 2. Mara 10 kwa sekunde, hiyo ni asilimia 2 ya muda wote wa chaneli. Majina manne katika visambazaji vinne vinavyosikiana kwenye chaneli moja ni asilimia 32. Karibu theluthi ya muda imekwisha kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa mmoja. Majina mawili yanatosha taasisi nyingi, matatu yawe ndiyo kikomo.

2. Chaneli huchaguliwa kwa kuwaangalia majirani

Katika masafa ya GHz 2.4 mtaona chaneli 1 hadi 13. Msidanganywe na hesabu hiyo. Chaneli moja na inayofuata zimetengana kwa MHz 5 tu, ilhali kila mazungumzo yanahitaji upana wa takriban MHz 20. Kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11.

Wasimamizi wengi huniuliza: nikiona jirani yuko chaneli 6 na mwingine 1, si vyema mimi nikae 3 au 4, katikati yao? Hapana, na naomba vijana wanaosimamia mitambo walishike hili. Visambazaji viwili vilivyo chaneli 6 vinasikiana, vinaelewana, na vinapeana zamu. Kilicho chaneli 4 hakieleweki na wa chaneli 6. Kwao ni kelele tu, na kelele haina zamu. Aliyekaa 4 anawaharibia wa 1 na wa 6 pamoja, nao wanamharibia yeye. Ni afadhali kugawana chaneli 6 na jirani kuliko kukaa katikati.

Kwa sababu hiyohiyo, upana wa chaneli katika GHz 2.4 uwe MHz 20. Mkiona chaguo la MHz 40, liacheni, maana linameza nusu ya masafa yote ili kisambazaji kimoja kipendeze siku ya kupimwa.

Katika GHz 5 nafasi ni kubwa zaidi, na huko ndiko ningependa vifaa vyote vinavyoweza viende. Lakini huko nako tuna wenzetu. Baadhi ya chaneli, hasa 52 hadi 64 na 100 hadi 144, zina rada zilizotangulia, zikiwemo za hali ya hewa. Kisambazaji kinachotumia chaneli hizo sharti kwanza kisikilize, kwa kawaida sekunde 60, na kikisikia rada wakati wowote kihame mara moja. Msimamizi asiyejua hili huona mtandao ukipotea ghafla na kurudi kwenye chaneli nyingine, akadhani kifaa kimeharibika. Taasisi zilizo karibu na uwanja wa ndege au bandari zianzie chaneli 36 hadi 48, ambazo hazina sharti hilo. Na mahali penye visambazaji vingi, upana wa MHz 20 au 40 unafaa kuliko 80, kwa kuwa wa 80 unameza nafasi za chaneli nne.

Hapa panaingia sheria. Ukurasa huo una sehemu ya kuchagua nchi. Kuna mafundi wanaochagua nchi ya mbali ili wapate nguvu zaidi au chaneli zilizofungwa. Nawasihi msikubali. Sehemu hiyo ndiyo inayokifanya kifaa kitii kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kanuni hizo zinalinda mitambo ambayo maisha ya watu yanaitegemea. Wekeni Kenya.

3. Nguvu ikizidi, mtandao hupungua

Watu wakilalamika, mkono wa kwanza huenda kwenye nguvu ya antena. Nguvu hupimwa kwa dBm: 20 ni miliwati 100, na kila ukiongeza 3, nguvu huwa maradufu. Ni rahisi kupandisha, na kwenye simu mistari ya Wi-Fi hujaa. Lakini mazungumzo ni ya pande mbili. Simu ina betri ndogo na antena ndogo, nayo husema kwa nguvu ndogo kuliko kisambazaji. Ukipandisha nguvu ya kisambazaji, simu iliyo mbali inakisikia vizuri, inajaribu kujibu, jibu halifiki, inarudia, na kila marudio yanakula muda wa wengine. Mtumiaji anaona mistari imejaa na ukurasa haufunguki.

Kuna athari ya pili. Uamuzi wa kuhama kutoka kisambazaji kimoja kwenda kingine hufanywa na simu yenyewe. Mwalimu akitoka ofisini kwenda darasa la mwisho, simu yake itaendelea kung'ang'ania kisambazaji cha ofisini maadamu inakisikia, hata kama kingine kiko juu ya kichwa chake. Visambazaji vikipunguzwa nguvu, mipaka inakuwa wazi na simu zinahama kwa wakati.

Ushauri wangu, basi, ni kupunguza nguvu na kuongeza visambazaji pale bajeti inaporuhusu. Katika GHz 2.4 wekeni nguvu iliyo chini ya ile ya GHz 5 kwa dB 6 hivi. Mawimbi ya GHz 5 hupungua haraka zaidi kwa umbali uleule, na tofauti hiyo ya nguvu husawazisha mambo, simu zikavutika kuelekea GHz 5.

Na majengo yetu yana la kusema. Nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na ukuta mmoja wa namna hiyo unaweza kumaliza ishara ambayo ingevuka vyumba viwili vya mbao. Hakuna mpangilio unaoshinda ukuta huo. Kisambazaji kikae chumba kilekile walichomo watu. Kwenye shule zenye paa na kuta za mabati, mawimbi hurudishwa ndani na kutoka nje ni shida, hivyo kisambazaji cha uwanjani hakisaidii darasa.

Niongeze neno kuhusu mpangilio uitwao RTS, kwa sababu vijana wameniandikia wakiuliza. Ikiwa kisambazaji kiko ukumbini na darasa moja liko kila upande, simu za darasa hili hazizisikii za darasa lile. Zote hudhani kuna kimya, zikasema pamoja, na maneno yakagongana kwenye kisambazaji. RTS huifanya simu iombe ruhusa kwanza. Huombwa kwa mafurushi yanayozidi thamani iliyowekwa, na ile ya kawaida, baiti 2347, maana yake ni kwamba kwa kweli RTS haitumiki. Mkiithibitisha hali hii ya kutosikiana, ishusheni hadi karibu 500 kwenye vifaa vinavyotuma, kisha mpime. Penye chumba kimoja kilicho wazi iacheni ilivyo, kwa kuwa kila ombi la ruhusa nalo linachukua muda.

4. Ulinzi wa kweli utengwe na ulinzi wa kujifariji

Hoja hii inahusu dhamana tuliyopewa. Shule ina majina, alama na nambari za simu za wazazi. Zahanati ina zaidi ya hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatudai tuzilinde taarifa hizo.

Nianze na vya kujifariji. Kuficha jina la mtandao hakumfichi mtu yeyote, kwa kuwa kila simu iliyowahi kujiunga hulitaja jina hilo inapotafuta mtandao, na kila anayesikiliza hulisikia. Kuorodhesha anwani za vifaa vinavyoruhusiwa ni kazi ya kuchosha yenye faida ndogo, maana anwani hizo hupita wazi na kuzinakili ni jambo la dakika. Tena tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibadilishia anwani kwa kila mtandao ili kulinda faragha ya mwenyewe, na orodha yenu itawafungia nje walimu wenu wenyewe.

Sasa vya kweli. Ulinzi wa WEP wa mwaka 1997 ulivunjwa hadharani mwaka 2001 na Fluhrer, Mantin na Shamir; kifaa kisichojua kingine kitolewe. WPA2 imekuwepo tangu 2004 na WPA3 tangu 2018. Chagueni WPA3, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama kuna simu za zamani, na usimbaji uwe AES. Mkiona TKIP, izimeni: ni dhaifu, na huwabana watumiaji wake katika mwendo wa megabiti 54 hata kifaa kikiwa na uwezo wa mia kadhaa.

Zimeni WPS ya namba, ile njia ya kuunga kifaa kwa namba badala ya nenosiri. Namba yake ina tarakimu 8, na mtu angedhani kuna mamilioni ya kubahatisha. Lakini kifaa huikagua nusu kwa nusu: tarakimu 4 za mwanzo zina uwezekano 10,000, na za pili 1,000 tu kwa kuwa tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Jumla ni majaribio 11,000. Stefan Viehböck alilifichua hilo mwishoni mwa mwaka 2011, na bado kuna ruta kuukuu zenye mlango huo wazi.

Mtandao wa wageni utengwe kabisa na ule wa ofisi, na ndani yake washeni utengano wa vifaa ili simu ya mgeni mmoja isiifikie ya mwingine. Nenosiri la kuingilia ukurasa wa msimamizi libadilishwe siku ya kwanza, na usimamizi kutoka nje ya jengo uzimwe. Programu ya ndani ya kifaa isasishwe kila muhula. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef alionyesha udhaifu wa KRACK katika WPA2, na waliosalimika ni waliosasisha vifaa vyao.

5. Badilisha kimoja, pima, andika

Hoja ya mwisho ni ya nidhamu. Nichukue mfano ambao wakutubi wengi wameupitia: ikifika saa sita mchana, simu zinajiunga lakini hazipati intaneti. Mara nyingi masafa hayana kosa. Mtandao wa kawaida una anwani za IP zisizozidi 254 za kugawa, na mara nyingi kila simu inayopita hushika moja kwa saa 24 hata kama mwenyewe amekaa dakika kumi. Wageni wakizidi idadi hiyo kwa siku, anwani zimekwisha. Fupisheni muda wa kushika anwani kwenye mtandao wa wageni uwe saa moja au mbili, na tatizo linaondoka bila shilingi moja kutumika.

Msimamizi asiyepima angenunua kisambazaji kingine. Ndiyo maana nasema: kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya mipangilio iliyopo. Pima mwendo mahali pale pale, saa ile ile yenye watu. Badilisha kitu kimoja. Pima tena. Andika tarehe, ulichobadilisha na ulichokiona. Na kuna vya kuachwa: WMM, inayotanguliza sauti na video, ibaki imewashwa, kwa sababu ikizimwa vifaa vya kisasa hupoteza mwendo wao mkubwa. DTIM nayo, inayopanga simu zilizolala zinaamka lini kupokea ujumbe, iachwe kati ya 1 na 3, maana ikiongezwa huchelewesha ujumbe wa simu zilizolala.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa kutazama mbele.

Masafa mapya yameanza kufunguliwa. Mwaka 2020 Marekani ilifungua MHz 1,200 katika GHz 6 kwa matumizi yasiyo na leseni, na mwaka uliofuata Ulaya ikafungua sehemu ya chini ya masafa hayo. Vifaa vya Wi-Fi 6 vinaweza kugawa chaneli moja kwa watumiaji kadhaa kwa wakati uleule, na katika GHz 6 ulinzi wa WPA3 ni sharti. Ni neema kubwa. Lakini nafasi mpya ikikutana na mazoea ya zamani, ya nguvu kupita kiasi, majina mengi na chaneli za kubahatisha, itajaa kama ilivyojaa ya kwanza.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kabla ya muhula ujao kwisha. Kila taasisi iwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa mwenye dhamana ya kisambazaji, na mwanafunzi mmoja au wawili wanaojifunza kwake. Kila taasisi iwe na daftari la mipangilio lisiloondoka fundi anapoondoka. Na taasisi zinazopakana, shule na zahanati, maktaba na ofisi ya chifu, zikutane mara moja kwa mwaka kukubaliana nani atakaa chaneli 1, nani 6, nani 11. Mkutano huo wa saa moja utatoa huduma ambayo hakuna kifaa cha bei yoyote kinachoweza kuitoa peke yake, na utawazoesha vijana wetu kwamba teknolojia ya umma huendeshwa kwa makubaliano.

 Sasa niko tayari kwa maswali, na nawaomba walio na madaftari ya mipangilio ya taasisi zao wayafungue tuanze nayo.